Ndama Aliyeamka na Hasira

Juzi nilimkuta mtoto wa dada yangu amelala kifudifudi juu ya mkeka, anasoma kijitabu chenye jalada la kijani, kidole kikifuata mstari. Harufu ya kijitabu ilinifikia kabla sijaona maandishi. Ni wino ule wa mitambo ya misheni, unaonuka kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na gundi. Nikamwomba anionyeshe. Kulikuwa na picha ya ndama amesimama ndani ya maji, mwanga umemzunguka kichwani, na watu wamempigia magoti. Kichwa cha habari kilisema: "Ndama wa Maji, Hadithi ya Wasukuma." Chini ya hadithi palikuwa na maswali. Ndama ni mfano wa nani? Maji ni mfano wa nini? Je, wazee wetu walimjua Mwokozi kabla ya kuhubiriwa?

"Mama mdogo, la kwanza ni Yesu," mtoto akaniambia. "La pili ni ubatizo. La tatu sina hakika, lakini nadhani ni ndiyo."

"Na mwisho wa hadithi uko wapi?"

"Huo hapo. Watu wakanywa, wakafurahi, wakamshukuru."

"Huo si mwisho."

Akanitazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu waliosoma mpaka wakapitiliza, kisha akarudisha kidole chake kwenye mstari.

Kule chuo kikuu niliwakuta wenzangu wengi wenye mchezo huu. Tulikuwa tunaazimana hadithi za kubuni za Wazungu, zenye nchi zisizokuwapo, wafalme wanaouawa na kuamka, panga zinazong'aa zenyewe, na hakukosekana mmoja wa kuinua kidole na kusema, huyu ni Kristo, hamkuona? Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota sarafu barabarani. Labda alisema kweli. Labda waandishi wa hadithi zile walikusudia hivyo, nao wana haki ya kukusudia wanachotaka. Lakini mimi nilikuwa nasimama na kutoka nje, na wenzangu wakanipachika jina la mpagani. Sikuwaeleza sababu. Nilikwisha kuuona mchezo ule ukichezwa mpaka tone la mwisho, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, na aliyeshindwa alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Bibi alikuwa na nyumba yake nyuma ya yetu, ya duara, paa la nyasi limeshuka chini sana hata mtu mzima aliingia ameinama. Nchi yetu ile, njia ya kutoka Shinyanga kwenda Mhunze, haina miti ya kutosha, na mwanamke wa umri wake alikuwa amepikia samadi kavu ya ng'ombe tangu aolewe. Moshi wa samadi ni mkali. Macho yake yalikuwa mekundu, na ya rafiki zake wote yalikuwa mekundu. Nalisema hili sasa hivi kwa sababu baadaye watu walilisema kana kwamba wameligundua.

Alikuwa anasimulia ng'ombe wakishaingia zizini, wakati wa kumenya karanga. Watoto wa kaya tatu nne walikuja. Na nyumbani kwetu, na kwa majirani zetu wote, msimulizi alikuwa na desturi ambayo sijaiona ikiandikwa katika kitabu chochote. Hakusema "palikuwa na mtu". Alisema "mimi". Na hakujichagulia sehemu nzuri. Katika kila hadithi msimulizi alibeba ile sehemu mbaya kuliko zote: kama kuna mwizi, mwizi ni yeye, kama kuna mama wa kambo aliyemnyima mtoto chakula, ni yeye. Ndani ya kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, ukisimulia habari za mchoyo, mchoyo wa mtaa atasema amesengenywa. Kwa hiyo msimulizi alijitwika ubaya wote ili wasikilizaji waende kulala wakiwa wepesi. Hakuna aliyetufafanulia haya. Tuliyajua kama tunavyojua kula chakula kwa mkono wa kulia.

Hadithi ya ndama ilikuwa hivi. Mvua zimekosekana, mito imekuwa mchanga, watu wanachimba mchanga na kupata mchanga. "Mimi nina ndama," Bibi alisema, "mama yake amekufa, nimemlea ndani ya nyumba, analala miguuni pangu." Ndama yule anajua kusema. Anasema, nichinjeni, tandikeni ngozi yangu bondeni, maji yatatoka. Watu wote wanataka maji, lakini hakuna anayetaka kushika kisu. Wanamtazama Bibi. "Basi mimi nikamchinja." Ngozi ikatandikwa, siku zikapita, maji yakabubujika, na katikati ya maji ndama akasimama, mzima. Watu wakakimbilia kunywa. Ndama akaniangalia mimi kwanza, Bibi alisema, na hapo alikuwa akiacha kumenya karanga. Kisha akawaangalia wote. Halafu akainamisha kichwa, akanywa maji yote, yote, akapanda mlima akaenda zake. Tukabaki na tope.

"Kwa nini, Bibi?" tuliuliza kila mara.

"Alikasirika."

"Lakini alisema mwenyewe achinjwe!"

"Alisema. Sasa wewe Kabula, ukichinjwa utaamka unacheka?"

Tulicheka sisi. Hapakuwa na fundisho. Nilipokuwa mkubwa nililitafuta kwa miaka, kwa elimu yangu yote, nikaona kwamba uzuri wa hadithi ile ulikuwa pale pale: ndama alikuwa na haki ya kukasirika, na hakuna aliyemnyang'anya haki hiyo.

Jioni kwa Bibi nilikuwa Kabula, asubuhi nilikuwa Agnesi. Baba alikuwa seremala wa misheni, sisi watoto tulibatizwa, na mara nne kwa wiki nilikaa kwenye banda la mafundisho mbele ya Mwalimu Anselmi, katekista. Alikuwa ametoka mbali, ng'ambo ya ziwa upande wa machweo, mtu mpole, mwenye koti moja alilolipiga pasi kila siku. Sitaki kumfanya shetani, ingawa ingenisaidia. Alitupenda. Alikuwa na picha kubwa ya rangi, imebandikwa kwenye kitambaa, yenye njia mbili. Njia nyembamba ilipanda kwenye mwanga. Njia pana ilishuka kwenye moto, na ndani ya moto kulikuwa na watu wengi, na kati yao mwanamke mzee aliyefunga nguo kifuani vilevile alivyofunga Bibi.

Nilimwona siku ya kwanza. Sikuondoa macho kwake mwaka mzima. Nilidhani mchoraji amemwona Bibi. Nilidhani nafasi yake imekwisha kuandaliwa na kwamba kila siku asiyobatizwa, moto ule unachochewa kidogo.

"Bibi, kwa nini hutaki kubatizwa?"

"Nani kasema sitaki? Padri alinieleza vizuri. Nikamwuliza, huko juu mume wangu yuko? Akasema hapana. Mama yangu yuko? Akasema Mungu ajuaye. Nikamwambia, wewe nenda kaniulizie kwanza."

"Utaungua!"

"Mimi?" Akanionyesha moshi uliojaa nyumba. "Nimekwisha kukauka, mjukuu wangu. Sasa ni kama nyama ya akiba."

Kwake ilikuwa mzaha. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikalia.

Mwalimu Anselmi alikuwa na mchezo tulioupenda kuliko masomo yote. Alitusomea habari za kale za Biblia, halafu akanyoosha mkono ghafla: "Mwanakondoo wa Pasaka, huyu ni nani?" Nasi tukapiga kelele: "Yesu!" "Nyoka wa shaba juu ya mti?" "Yesu!" "Mwamba uliotoa maji jangwani?" "Yesu!" Nilikuwa hodari sana. Nilijibu kabla hajamaliza. Na siku ile ya mwamba uliotoa maji, nikiwa bado nimeinua mkono, wazo likanijia hata nikasikia masikio yanapata joto. Ndama! Amejitoa achinjwe, akafufuka, watu wakapata maji. Kumbe Bibi anamjua Yesu! Anamjua tangu zamani, ila hajui kwamba anamjua. Na mtu anayemjua Yesu atachomwaje?

Wenzangu walipotoka nilibaki. Nikamsimulia Mwalimu hadithi nzima. Lakini sikusema "mimi". Shuleni tulikuwa tumefundishwa kuanza na "palikuwa na", nami nilitaka kusema kisomi, kwa hiyo nikasema palikuwa na mwanamke mmoja. Nilipofika kwenye ngozi na maji, Mwalimu alikuwa amesimama. Macho yalimlenga machozi, kweli kabisa.

"Endelea, mwanangu."

Nikamweleza kuhusu hasira, maji kunywewa, na tope. Uso wake ukapoa kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Hapana, Agnesi. Hapo umechanganya na hadithi nyingine."

"Bibi husema hivyo."

"Wazee husahau. Mtu akifa kwa ajili ya wengine, akifufuka anakuja na amani. Sivyo?"

"Ndivyo, Mwalimu."

"Basi mwisho ni watu kunywa."

"Ndiyo, Mwalimu." Kisha nikamwuliza kile kilichonileta. "Sasa Bibi hataungua?"

Akaniwekea mkono kichwani. "Bibi yako ana mbegu ya Injili moyoni. Akiisikia hadithi yake mwenyewe ikisimuliwa kanisani, atakuja mwenyewe kubatizwa. Tutamwalika."

Niliondoka nikiruka mitaro. Nilikuwa nimempatia Bibi mlango, na kilichobaki ni kumfikisha hapo.

Mwalimu aliigeuza hadithi ile kuwa igizo, likafanyika Jumatatu ya Pasaka uwanjani mbele ya kanisa, mchana, mvua za mwisho zikiwa zimesafisha anga. Ilinichukua wiki nzima kumbembeleza Bibi aje. "Nije kuona nini?" "Hadithi yako!" "Hadithi yangu naijua." Hatimaye alikuja kwa ajili yangu, akakaa chini mbele kabisa, karanga zake kwenye pindo la nguo. Nyuma yake alikaa Mama Yohana, jirani yetu, ambaye mwanawe ndiye aliyefanywa ndama. Yohana alifunikwa ngozi, akasema maneno yake vizuri, akachinjwa kwa ubao uliopakwa chokaa. Siku zile ambazo Bibi hakuzihesabu sasa zilikuwa siku tatu. Yohana akafufuka, wasichana wakamwaga maji kutoka kwenye vibuyu, sote tukanywa na kuimba. Mwalimu akasogea mbele, akanyoosha mkono: "Ndama huyu ni nani?"

"Yesu!" uwanja wote ukaitika.

Nilikuwa namtazama Bibi. Nilingoja ang'ae, kama watu wa njia nyembamba kwenye picha wanavyong'aa. Alikuwa anatafuna.

"Mwalimu," akasema, "umemwacha njiani."

"Nimemwacha nani, mama?"

"Ndama."

Watu wakacheka. Hata padri alitabasamu, ingawa Kisukuma chake kilikuwa cha salamu tu. Bibi akainuka polepole, akakung'uta maganda.

"Mimi ndiye niliyemchinja," akasema, kwa sauti ile ile ya nyumbani. "Nilimlea ndani ya nyumba yangu, nikamchinja kwa mkono huu. Akaamka, akaniangalia mimi kwanza. Hakucheka. Akanywa maji yote, akapanda mlima. Tukabaki na tope." Akakaa. "Sasa imekwisha. Mnaweza kuimba."

Hakuna aliyeimba. Wageni wa misheni, watu wa kutoka mbali waliokuja kwa kazi za ujenzi, waliulizana mzee amesema nini. Wenyeji walijua. Nusu ya uwanja ule walikuwa wamekaa nyumbani kwa Bibi wakiwa watoto, wakamsikia akiwa mwizi, akiwa mama wa kambo, akiwa fisi. Walingoja tu kuona Mwalimu atasema nini.

Mwalimu Anselmi hakuwa wa kwetu. Alinigeukia mimi.

"Agnesi, simama. Bibi yako husema hivyo siku zote? Husema ni yeye aliyemchinja?"

Miaka mingi nimemjibu upya. Nimemjibu njiani, kitandani, katikati ya mitihani: Mwalimu, hivyo ndivyo tunavyosimulia, mbaya wa hadithi ni msimulizi, waulize hawa wote. Ni sentensi fupi. Lakini darasani kwake majibu yalikuwa neno moja, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari.

"Ndiyo, Mwalimu."

Uso wake ukang'aa. "Ndugu zangu, mmesikia? Mwanamke mwenye kisu ni nani? Ni mwenye dhambi! Ni sisi tuliomsulubisha! Mama huyu amekiri mbele ya watu wote!"

Alikusudia kumsifu. Naamini hivyo mpaka leo. Lakini neno "amekiri" lilitoka pale uwanjani, likaenda nyumbani na watu, likakaa.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu, si kirefu kuliko vyote. Kisima cha misheni, kile chenye mdomo wa saruji, kilianza kushuka. Kilishuka kwa sababu kaya mpya zilizohamia karibu na misheni zilikuwa nyingi na kisima kilikuwa kimoja, jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angeweza kulipigia hesabu. Wanawake waliongeza kamba mara ya kwanza, wakaongeza mara ya pili. Asubuhi moja nilifika na ndoo yangu, wakiwa hawajaniona.

"Leo yamekuja na matope," mmoja alisema.

"Si tuliambiwa? Tutabaki na tope." Huyu alikuwa Mama Yohana.

"Nani alisema?"

"Mwenye kisu." Wakacheka kidogo, kicheko cha kujaribu kina cha maji kwa mguu. "Mwalimu ametufundisha, kila kitu kwenye hadithi kina mtu wake. Ndama tumeambiwa ni nani. Sasa na yule mwingine, huyu ni nani? Na macho yale mekundu?"

Ndipo wakaniona. Kisha Mama Yohana, ambaye kwa kawaida alinisukuma kwenye foleni kama watoto wengine, alisogea pembeni.

"Agnesi mwanangu, chota wewe kwanza."

Wote wakasogea. Nilichota. Ndoo ile ilikuwa nzito kuliko zote nilizowahi kubeba, ingawa ilijaa nusu.

Nilimweleza Bibi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Yohana? Yule alijikojolea hapo ulipokaa, siku niliyokuwa fisi! Kesho yake nilikuwa fisi bado? Aliniletea mzoga?" Halafu akaacha kucheka, akaniuliza tena wamesema nini, neno kwa neno, na nilipomaliza alichukua jiwe lake la kusagia akaendelea na mtama bila kunitazama. Jioni hiyo watoto wa kaya nyingine hawakuja. Wala iliyofuata.

Waliokuja walikuwa watu wazima, wanaume watatu na Mama Yohana, asubuhi baada ya misa. Walikaa kwenye mabenchi aliyoyachonga baba. Mama yangu aliwaletea uji, wakasema wabeja, asante, hawakuunywa.

"Baba Agnesi, hatukuja kwa ugomvi."

"Karibuni."

"Mama mzee amechoka. Jua la huku limezidi. Huko Geita kwa mdogo wako Masanja kuna mvua nzuri, na mgodi unampa nyumba."

"Mama hajaniambia kwamba amechoka."

"Mtu mzima hasemi. Wanaoona ni sisi."

Baba alikuwa na penseli yake ya useremala sikioni. Aliitoa, akaitazama. Alikuwa ameahidiwa paa la kanisa jipya, kazi ya maisha yake. "Mnajua anavyosimulia," akasema taratibu. "Wote mnajua. Mama Yohana, wewe umelelewa kwenye nyumba ile."

Mama Yohana alitazama sakafu. "Nilikuwa mtoto, Baba Agnesi. Sasa mimi ni Mkristo."

Mmoja wa wanaume aliinuka, akasema kwamba vijana wa siku hizi hawasikii wakubwa, na kwamba nyasi za paa zikikauka hivi huwaka upesi. Alisema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Wakaaga kwa heshima zote.

Baba alikwenda kwa Mwalimu Anselmi. Nilimfuata kwa nyuma nikasikia dirishani. Mwalimu alishtuka, nadhani alilia. Alisema atahubiri Jumapili dhidi ya uvumi, na alihubiri, na watu waliitikia amina. Lakini alisema jambo jingine pia: "Angekuwa amebatizwa, ningesimama mlangoni pake mwenyewe. Nani angemgusa Mkristo?"

Nikakimbia nyumbani. Niliona milango miwili ikifunguka kwa ufunguo mmoja: asiungue huku, asiungue kule.

"Bibi, batizwa! Kesho! Mwalimu amesema hawatakugusa!"

Alikuwa anafunga michembe kwenye kitambaa, viazi vikavu vya safari. Alikuwa amekwisha kuamua, hata kabla baba hajarudi.

"Kabula, kumwogopa Mungu ni sawa. Sasa nimwogope na Mama Yohana?"

"Ni maji kidogo tu kichwani!"

"Najua ni kidogo." Akavuta fundo kwa meno. "Yule Mwalimu wako ulimweleza hadithi wewe?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Ulimweleza mpaka mwisho?"

"Ndiyo. Akasema nimechanganya."

"Nawe ukasemaje?"

Nililia. Akaniacha nilie muda mrefu, hakunibembeleza, wala hakunigombeza. Kisha akanisogezea kiazi kimoja kilichobaki nje ya kitambaa, nikakila nikiwa nalia.

Aliondoka na lori la pamba la Mhindi mmoja, lililokuwa likienda Mwanza, kutoka huko angevushwa ziwa. Walimpakia juu ya marobota pamoja na wanawake wengine wawili. Baba alimfungia kamba ya kushika. Hakutoa hotuba, hakulaani mtu. Aliuliza tu kama lori lina breki, dereva akamjibu, "Bibi, breki ni Mungu," naye akasema, "Basi na wewe msaidie." Watu wote wakacheka. Mama Yohana alikuwapo, ameleta mayai sita ya kuchemsha kwa safari. Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Mvua zilianza wiki ile au iliyofuata. Huanza kila mwaka wakati ule. Kisima kilipanda, watu wakatazamana, na hakuna aliyehitaji kuuliza huyu ni nani. Nyumba ya Bibi haikuchomwa, iliporomoka yenyewe kwa mvua ya pili. Baba aliezeka kanisa, na ni paa zuri, halijavuja mpaka leo. Hakuzungumza tena na mimi juu ya hadithi ya namna yoyote.

Barua ya baba mdogo Masanja ilifika kiangazi kilichofuata. Baba aliisoma amesimama, akaisoma mara ya pili amekaa, kisha akatusomea kwa sauti. Mama yao, yaani Bibi, ameugua kifua siku kumi. Siku mbili za mwisho hakusema wala hakufungua macho. Nesi mmoja, mtu mwema, alimwuliza kama anataka kubatizwa, na alipoona hajakataa, akammwagia maji, akamwita Maria. Akazikwa na Wakristo, kwa msalaba.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba aliikunja barua mara nyingi sana, mpaka ikawa kitu kidogo kama kete.

Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa na miaka kumi, na mwaka mzima nilikuwa nikiamka nikimwona yule mwanamke wa kwenye picha ndani ya moto, na sasa nilijua kwamba si yeye. Alikuwa amepona. Nilichokiomba kwa magoti nilikuwa nimepewa. Sikuuliza mtu asiyeweza kusema anakataaje. Maswali yalikuja baadaye, mengi, yote kwa pamoja, na hayajaisha. Siku ile nilitoka nje nikakimbia njia nzima kuelekea kwa Mwalimu Anselmi nikimpelekea habari njema, nikicheka, mikono juu, na watu niliowapita kisimani walipoita kuniuliza kuna nini, niliwajibu kwa sauti yangu yote kwamba Bibi amekufa, Bibi amekufa.